Uzito Ukitolewa kwa Bunduki, Unaenda Wapi?

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili wa uhandisi, na sitaki pole za mtu. Lakini kuna swali moja la darasani lililokataa kuniacha. Mhadhiri alitushikia sufuria ya alumini mkono mmoja na karai la chuma mkono mwingine, akauliza: ukitoa uzito kwa kitu, huo uzito unaenda wapi? Tukacheka. Si umeisha tu?

Juzi saa nane usiku, usingizi umekataa, YouTube ikaniletea mzee mmoja wa Marekani akifungua bunduki ya marisau ya marehemu babake. Sijui ilinionea wapi. Mimi bunduki nimeziona mabegani mwa askari wa benki, basi. Uwindaji hapa Kenya ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, na hata kwale sijawahi kumlenga. Lakini mzee alisema kitu nikakaa wima kitandani. Kile kisanduku cha katikati ya bunduki, kinachobeba mitambo yote na ambacho wenyewe hukiita risiva, kilikuwa cha alumini.

Alumini! Ndugu yake sufuria ya ugali. Risasi ya kawaida ya geji 12 inapolipuka, presha ndani ya mtutu hupita mara 300 ya ile ya tairi la gari. Ni nani huyo mwenye roho ngumu aliyeweka kitu hicho karibu na uso wa mtu kwa kutumia chuma cha sufuria?

Hapo ndipo utamu ulipo, na ukipanda matatu utaelewa haraka. Ile bodi yenye michoro na taa za disko siyo inayobeba mzigo. Mzigo uko kwa chesisi, huko chini usikoangalia. Bunduki hizi ni hivyo hivyo. Mwaka wa 1902 kiwanda cha FN kule Ubelgiji kilianza kushughulikia bunduki ya John Browning iliyokuja kuitwa Auto-5, ya kwanza ya marisau inayojipakia yenyewe kufanikiwa sokoni. (Winchester walimkataa kwa sababu ya hela. Akaenda Remington, na mkubwa wa huko akafariki Browning akiwa bado anasubiri kumwona. Ndiyo akapanda meli.) Ndani yake, komeo linaloziba nyuma ya risasi hujifunga kwenye mkia wa mtutu wenyewe. Mtutu ni chuma, komeo ni chuma. Mlipuko unamalizana na hao wawili. Kisha wanarudi nyuma pamoja wakiwa wameshikana, wanaachana, ganda linatupwa nje, risasi mpya inaingia. Kisanduku kiko pale kuwaongoza njia na kuwapokea wakifika mwisho wa safari.

Browning mwenyewe alikitengeneza kisanduku kwa chuma. Auto-5 ya kawaida ya geji 12 ilikuwa na uzito wa kama kilo 3.6. Ibebe hiyo kutwa nzima ukipanda milima kutafuta ndege, jioni hutainua kikombe cha chai.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha, viwanda vilikuwa vimezoea alumini kwa sababu ya ndege. Si ile laini ya sufuria. Ni aloi, yaani alumini iliyochanganywa na shaba kidogo au metali nyingine, ikapikwa hadi ikakaza, huku uzito wake ukibaki kama theluthi moja ya chuma. Wataliano wa Franchi wakachukua mtindo ule ule wa Browning, wakauvisha kisanduku cha aloi, wakaiita 48 AL. Ile ndogo ya geji 20 ina uzito wa karibu kilo 2.5. Val Browning, mtoto wa John, naye akaja na Double Automatic katika miaka ya hamsini. Toleo lake la aloi, Twelvette, lilikuwa la kama kilo tatu na lilipakwa rangi ambazo wawindaji hawakuwa wamezoea: kijani, kijivu, kahawia. Alumini haikubali ile rangi ya samawati iliyokolea ya bunduki za zamani, inabidi itiwe kwenye asidi na kupitishwa umeme ndipo ishike rangi. Ikikwaruzwa pembeni, fedha inachungulia.

Nimezitafuta picha zake. Ile ya kijani ni noma.

Winchester wakazidisha. Model 59 ya mwaka wa 1960 ilikuwa na kisanduku cha aloi, na mtutu wake ulikuwa bomba jembamba la chuma lililozungushiwa nyuzi za glasi. Tangazo lao lilijigamba kwamba ni maili 500 za uzi kwa mtutu mmoja. Hiyo ni Nairobi mpaka Mombasa, halafu unageuza na kurudi zaidi ya nusu ya njia. Mwaka wa 1965 ikaachwa.

Double Automatic ilidumu hadi mwanzo wa miaka ya sabini, nayo ikaenda. Kosa lake moja lilikuwa wazi: ilibeba risasi mbili tu, na sheria ya Marekani inamruhusu mwindaji wa bata tatu. Lakini hata wale waliotosheka na mbili waliishika wakaiona nyepesi kama ya kuchezea. Mtu aliyezoea uzito husoma wepesi kama bei rahisi. Nawaelewa. Nami simu ikiwa nyepesi sana huwa naidhania feki.

Wenye bega nao walikuwa na lao. Risasi ni ile ile, baruti ni ile ile. Bunduki ya kilo 2.5 inarudi nyuma na nishati inayozidi ile ya kilo 3.5 kwa asilimia 40. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe saa tisa usiku, kwa karatasi ya risiti ya M-Pesa, na nikaiona sura ya mhadhiri wangu. Springi husambaza teke hilo lisije kwa mpigo mmoja, ila hazilifuti. Ukipiga mara mbili kutwa, hutalisikia. Piga mara mia, utajua uzito ulihamia wapi.

Sehemu nyingine ya teke inabaki ndani. Chuma kikipigwa chini ya kiwango fulani huweza kuvumilia bila mwisho. Alumini haina kiwango hicho. Kila pigo linaandikwa, hata dogo, na siku moja ufa unatokea. Ndiyo maana springi ya mtutu katika bunduki hizi si ya kupuuza. Ikichoka, mtutu unafika nyuma kwa kasi na kukigonga kisanduku, na mwenye bunduki anaona tu kwamba inafanya kazi poa.

Yule mzee alijua. Aliitoa springi ya babake, akailaza mezani kando ya mpya. Ya zamani ilikuwa imefupika kwa upana wa vidole vitatu hivi. Akanyamaza kidogo, akakiinua kisanduku chini ya taa, akaanza kukipitisha kidole ndani, kona moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa nimesimamisha kula. Aliporudi kwa kamera alisema hajapata ufa, akaweka springi mpya.