Kofia ya Viua na Pama

Kofia ya viua, iliyoshonwa kwa mkono na kutiwa wanga ikasimama, ndiyo pambo la mwanamume msikitini, harusini na mjini. Lakini kofia hiyo haina ukingo, wala haizuii jua kufika machoni, masikioni na shingoni. Karafuu hukaa majamvini siku kadhaa hata zikauke, na mwenye kuzigeuza na kuzianua huwa juani pamoja nazo. Jua la miaka mingi ni miongoni mwa visababishi vya mtoto wa jicho. Basi twawasihi: wakati wa kuanika vaeni pama ya ukili, ukingo wake upate inchi 3 kila upande. Wako waionao kuwa ni ya kishamba; sisi twaona shamba ndilo linunualo ile ya viua.