Taa ya Wi-Fi Ikizimika, Usikimbilie Kununua Kadi Mpya

Wakaazi wengi hutegemea kompyuta kutafuta huduma za eCitizen, kujaza ritani za KRA au kutuma maombi ya kazi. Taa ndogo ya Wi-Fi isipowaka, mtu hudhani kadi imeungua na humlipa fundi aibadilishe. Huenda kadi ni nzima, na kasoro iko kwenye draiva.

Draiva ni programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuwasiliana na kadi ya Wi-Fi. Taa yenyewe haijui kama kuna mtandao. Imeunganishwa na pini moja ya kadi, na draiva ndiyo huamuru pini hiyo iwe na umeme au isiwe nao. Watengenezaji hawakufuata mpango mmoja: kuna kompyuta ambazo taa huwaka pini ikiwa na umeme, na nyingine huwaka pini isipokuwa nao. Draiva ikishika mpango usiofaa, taa itawaka Wi-Fi ikiwa imezimwa na kuzimika Wi-Fi ikiwashwa. Amri ikienda kwa pini nyingine, taa haitawaka kamwe, ilhali intaneti inafanya kazi vizuri.

Kasoro hii ina gharama. Anayetumia hotspoti ya simu akiona taa imezimika huamini kompyuta imetoka mtandaoni, kumbe masasisho yanaendelea kupakuliwa na bando linaisha.

Basi pima kwanza. Tazama alama ya Wi-Fi kwenye skrini, kisha fungua ukurasa wowote wa mtandao. Ukifunguka, kadi inafanya kazi. Ikiwa hata majina ya mitandao ya karibu hayaonekani, hilo ni tatizo jingine: kagua swichi ya Wi-Fi na hali ya ndegeni kabla ya kumwona fundi. Taa inayopepesa si hitilafu. Draiva kadhaa huipepesa data inapopita.

Dawa ya kwanza ni kusasisha. Kwa Windows, pakua draiva kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yako, si tovuti yoyote inayojitokeza. Kwa Linux, draiva nyingi za Wi-Fi huja pamoja na kerneli, kwa hivyo sasisha mfumo mzima.

Hali isipobadilika kwenye Linux, fundi anaweza kuandika mstari mmoja katika faili mpya yenye jina linaloishia kwa .conf, ndani ya folda ya /etc/modprobe.d. Kwa kadi za Intel zinazotumia draiva ya iwlwifi, mstari ni huu:

options iwlwifi led_mode=1

Taa itawaka redio ikiwashwa na kuzimika ikizimwa. Kwa kadi za Atheros zinazotumia ath9k, ambazo taa yake inafanya kinyume:

options ath9k led_active_high=1

Isipofaulu, weka 0 badala ya 1. Kila baada ya badiliko, zima kompyuta na uiwashe upya. Kasi ya intaneti haitaongezeka. Kinachorekebishwa ni taa tu.