Sura ya 5: Kuiandaa Baiskeli ya Kwendea Kazini

Ukiingia duka la baiskeli Kariakoo, muuzaji atakuuliza una shilingi ngapi na unapenda rangi gani. Hatakuuliza unakaa wapi, unafanya kazi wapi, unabeba nini wala unarudi nyumbani saa ngapi. Maswali hayo manne ndiyo yanayoamua baiskeli yako iwe na nini na isiwe na nini, na kwa kuwa hakuna atakayekuuliza, itabidi ujiulize mwenyewe kabla ya kununua hata nati moja.

Chukua kalamu uiandike njia yako. Anayetoka Mbagala kwenda mjini kwa Barabara ya Kilwa ana lami karibu safari nzima, ila ana malori ubavuni. Anayeishi ndani ndani kule Chanika anaanza na mchanga, na mvua ikinyesha mchanga unageuka tope. Wa Kigamboni anapanda pantoni, kwa hiyo anaikokota baiskeli katikati ya umati, na usukani mpana au pedali zenye meno vitamgombanisha na watu kila asubuhi. Baiskeli hizi tatu hazifanani hata kama zimetoka kiwanda kimoja siku moja.

Kanuni ninayoiamini ni hii: iandae baiskeli kwa ajili ya nusu saa ngumu kuliko zote katika wiki yako. Hali ya hewa ikiwa nzuri, baiskeli yoyote itakufikisha. Kinachowafanya watu waiache baiskeli uani na kurudi kwenye daladala ni ile jioni moja ya masika: mvua inanyesha, breki hazishiki, shati limejaa matope mgongoni, na giza limekukuta njiani huna taa. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na giza halichelewi. Mfanyakazi yeyote anayefunga kazi saa kumi na mbili atapanda baiskeli gizani, apende asipende.

Kwa hiyo pesa zako za kwanza ziende kwenye matairi, breki na taa. Keria na madigadi zifuate. Gia, ambazo ndizo zinazouza baiskeli dukani, ziwe za mwisho.

Baiskeli zenyewe mitaani kwetu ziko za aina tatu. Kuna ile nyeusi ndefu ya gurudumu la inchi 28, Phoenix kutoka China au Hero na Avon kutoka India, ambayo Wakenya huiita Black Mamba. Ni nzito, lakini fremu yake hailalamiki, na kipuri chake kinapatikana hata gulioni kijijini. Kuna mitumba ya Kijapani, ile yenye kikapu mbele, kifuniko cha cheni, kufuli la duara kwenye gurudumu la nyuma na stendi ya miguu miwili. Watu huidharau kwa kuiona ya kina mama, na hapo wanakosea sana, kwa maana ni baiskeli iliyoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya kwenda kituoni, sokoni na kazini, na ukiipata yenye fremu nzima umeokoa nusu ya kazi inayoelezwa katika sura hii. Kisha kuna zile mpya zenye shokapu mbele na nyuma na gia nyingi. Shokapu za bei rahisi ni uzito wa bure: zinameza nguvu yako kila unapokanyaga, zinalegea mapema, na ile ya nyuma inakunyima mahali pa kufunga keria imara. Kama ndiyo uliyo nayo, itumie, lakini usiende kuinunua.

Sasa matairi, na hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotea.

Namba 26 peke yake haikuambii kitu. Tairi lililoandikwa 26 x 1.95 linakalia rimu yenye kipenyo cha milimita 559. Lililoandikwa 26 x 1 3/8, la baiskeli nyingi za Kijapani, linakalia rimu ya milimita 590. Yote yanaitwa 26, na hakuna fundi atakayelilazimisha moja likae mahali pa jingine. Hatari zaidi ni zile zinazokaribiana. Ile nyeusi ya 28 x 1½ ina rimu ya milimita 635, lakini kuna matairi ya baiskeli za Ulaya, nayo huitwa 28, ambayo ni ya rimu ya 622. Tofauti ni milimita 13 tu: ukilivisha tairi la 635 kwenye rimu ya 622 litaingia kwa urahisi wa kufurahisha, kisha litachomoka ukilijaza upepo, au baadaye ukiwa barabarani. Dawa yake ni kusoma namba nyingine ndogo iliyochorwa ubavuni, kama 40-635 au 37-622. Namba ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Inakili hiyo ya pili kwenye simu yako na uende nayo dukani.

Ukishajua saizi, tazama uso wa tairi. Meno makubwa yanayouzwa kwenye baiskeli za milimani yana faida kwenye tope na mchanga. Kwenye lami yananguruma na kukuchosha. Wengi huamini kwamba tairi laini litateleza mvua ikinyesha, kama gari linavyoelea juu ya maji. Baiskeli haifiki mwendo wa kuelea, na tairi lake ni jembamba mno kwa jambo hilo. Kwenye lami iliyolowa, mpira mwingi unaogusa barabara ndio unaoshika. Kinachoteleza ni rangi ya pundamilia, mfuniko wa chuma wa mtaro na mafuta yaliyomwagika kituo cha mabasi, na hapo hata meno hayakuokoi. Kwa mwenye lami sehemu kubwa ya njia, kubadilisha matairi ya meno kwa matairi laini ya unene wa inchi moja na nusu hivi ndiyo badiliko moja utakaloliona siku hiyo hiyo. Kwa miiba na vipande vya chupa, mafundi wetu wana njia yao: tyubu kuukuu inapasuliwa, inalazwa kati ya tyubu nzima na tairi. Inaongeza uzito, lakini anayechelewa kazini kwa pancha kila wiki hatajali uzito huo.

Breki zinategemea rimu kuliko watu wanavyodhani. Rimu ya chuma cha kung'aa ikilowa maji, mpira wa breki unateleza juu yake, na utavuta kwa nguvu zote huku baiskeli ikiendelea kwenda. Rimu ya alumini inashika vizuri zaidi ikiwa imelowa, na kwenye baiskeli ya breki za waya inafaa kuibadilisha siku rimu ya chuma itakapokwisha. Kwenye ile nyeusi, ambayo breki zake huvutwa kwa fito za chuma na kubana rimu kwa ndani, haiwezekani kirahisi, kwa sababu rimu ya alumini ya kawaida haina umbo linalokubaliana na breki hizo. Mwenye baiskeli hiyo ajizoeze jambo moja: mvua ikinyesha, ashike breki kidogo mapema, mita nyingi kabla ya pale anapotaka kusimama, ili mipira ifute maji kwanza. Na breki ya mbele iwe nzima kila siku. Ukisimama ghafla uzito wote unakimbilia mbele, kwa hiyo hiyo ndiyo breki yenye kazi kubwa. Wanaoing'oa kwa kuogopa kupinduka wamejiondolea breki kuu.

Taa ni jambo ambalo sitaki kulipita haraka, maana ndilo linalotofautisha kuonekana na kutoonekana na dereva wa lori. Dainamo ya kichupa, ile inayosugua ubavu wa tairi, hutoa volti 6 na wati 3: wati 2.4 za mbele na 0.6 za nyuma. Ndiyo maana globu ya mbele ikiungua, ya nyuma hupewa umeme wote na kuungua papo hapo, na mtu anabaki gizani pande zote mbili bila kujua. Kosa la pili ni la waya. Taa hizi hutumia waya mmoja tu, na umeme hurudi kupitia fremu yenyewe. Penye rangi au kutu haupiti. Kwa hiyo taa ikigoma, usikimbilie kununua dainamo mpya: kwangua rangi pale kikamatio cha dainamo na cha taa vinapogusa chuma, paka grisi kidogo, kaza, jaribu tena. Pwani, ambako hewa ya chumvi hula kila kiungo, ni bora zaidi kuvuta waya wa pili wa kurudishia umeme na kuiacha fremu ipumzike.

Badilisha globu za zamani kwa taa za LED zinazokubali dainamo, na uchague ya nyuma inayohifadhi umeme kidogo ndani yake ili isizime unaposimama kwenye mataa. Kama dainamo huna, taa mbili za kuchaji kwa waya wa simu zinatosha, mradi uzichaji ofisini kila siku bila kusubiri zififie. Ongeza viakisi kwenye pedali. Vinapanda na kushuka, na jicho la dereva hutambua mara moja kwamba pale mbele kuna mtu anayekanyaga baiskeli.

Mzigo usiubebe mgongoni. Katika joto la Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, begi la mgongoni linakufikisha kazini na shati lililoloa. Uhamishie uzito kwenye keria. Keria ya dukani ikikatika, na zile nyepesi hukatika, nenda kwa fundi wa kuchomelea na vipimo vyako. Nondo ya milimita 10 ina uzito wa gramu 617 kwa mita, ya milimita 8 ina gramu 395. Keria inayokula mita 4 itakuwa na karibu kilo 2.5 ukitumia ile nene, na kilo 1.6 ukitumia nyembamba. Fundi atapenda nene kwa sababu haiungui haraka wakati wa kuchomelea. Mwombe nyembamba, lakini asisahau vyuma viwili vya mshazari, kwa maana keria huvunjika kwa kuyumba kulia na kushoto kuliko kwa kubebeshwa. Miguu yake ifike kwenye ekseli, isiishie kwenye madigadi. Kisha mzigo mzito ukae chini na karibu na kiti. Ukiuning'iniza nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unacheza mkononi. Kreti la soda lililofungwa kwa vipande vya tyubu linafaa kwa chakula na vifaa. Mifuko miwili ya turubai pembeni inafaa zaidi, ila pima kwanza: kisigino kisiguse mfuko unapokanyaga.

Madigadi ziwe ndefu, na ya mbele ifungiwe kipande cha mpira kinachofika karibu na ardhi, ili maji yasirushwe kwenye viatu na kwenye cheni. Kifuniko cha cheni usikivue hata kama kinagonga. Kinyooshe. Kinalinda suruali, kanga na baibui, na kinazuia mchanga. Cheni yenyewe isipakwe oili chafu ya injini: inanata, inakusanya mchanga na kusaga meno. Oili nyepesi ya cherehani, tone kwa kila pingili, kisha ifute nje kwa kitambaa hadi ikauke mkononi. Kuijua cheni iliyochoka, ivute iwe sawa na upime pingili 24. Ikiwa mpya huwa milimita 305 hivi. Ikifika 307 ibadilishe, kabla haijala sproketi.

Na gia, kama kweli njia yako ina mlima. Ile nyeusi yenye meno 44 mbele na 18 nyuma husogea karibu mita 5.5 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Weka friwili ya meno 22 na itasogea mita 4.5 hivi, na mguu utatumia nguvu pungufu kwa karibu moja ya tano. Cheni itadai pingili mbili zaidi, au gurudumu livutwe mbele kidogo. Kipuri kimoja cha bei ndogo, na mlima ambao ulikuwa ukishuka na kuikokota baiskeli unaupanda ukiwa umekaa. Ukiweza kupata mtumba wenye gia tatu ndani ya habu, za aina ambayo Sturmey-Archer ya Nottingham, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1902, iliieneza duniani, uchukue. Hakuna kinachoning'inia nje cha kupinda kwenye pantoni.

Kiti kiinuliwe hadi kisigino kikanyage pedali ya chini mguu ukiwa umenyooka. Ukihamia kukanyaga kwa unyayo wa mbele, goti litabaki limepinda kidogo, na magoti yako yatadumu.

Kazi yote ikishamalizika, usiipeleke baiskeli kazini siku inayofuata. Ipande Jumapili asubuhi, njia ile ile, ukiwa na mzigo ule ule. Spoki zilizokazwa upya hujilegeza kidogo, nati za keria hushuka, na kotapini za kranki kwenye baiskeli nyeusi hucheza baada ya kilomita chache zisiporudiwa kukazwa. Sikiliza kinachogonga, tazama kinachosugua, kisha rudi kwa fundi jioni hiyo hiyo akaze kila kitu mara ya pili ukiwa umesimama hapo. Nunua kwake spana ya nati za magurudumu, viraka, solusheni na pampu ndogo, uvifunge chini ya kiti.