Mtumwa Aliyechechemea na Walimu wa Simu

Vijana wangu, simu zenu zimejaa walimu wa furaha. Mmoja anawaambia: usihangaikie usichoweza kukibadilisha, tawala moyo wako, mali itakuja yenyewe. Maneno hayo si ya jana. Yana umri wa miaka karibu elfu mbili, na mmoja wa waliofundisha sehemu yake ya kwanza alikuwa mtumwa. Ile ya mali wameibandika wenyewe.

Jina lake Epictetus. Alizaliwa yapata mwaka 50 huko Hierapolis, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, akaishi Roma katika nyumba ya bwana wake. Alichechemea. Wengine husimulia kwamba bwana wake ndiye aliyemvunja mguu, wengine kwamba ni maradhi. Tusigombanie mguu wa marehemu. Alipoachiwa huru akafundisha, hadi Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa. Basi akaenda Nicopolis, Ugiriki, akafungua shule. Yeye mwenyewe hakuandika kitabu. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeyanakili masomo, kisha akayachuja kuwa kijitabu kifupi.

Kijitabu hicho kinaanza kwa kugawa mambo mafungu mawili. Yaliyo katika uwezo wetu ni namna tunavyoamua, tunavyotaka na tunavyokataa. Yasiyo katika uwezo wetu ni mwili, mali, sifa na cheo. Msemaji ni mtu ambaye zamani hata mwili wake ulikuwa mali ya mwingine, kwa hiyo alijua anachokisema. Na mali aliiweka fungu gani? Fungu la yasiyo yetu! Walimu wa simu wamechukua neno lake wakaligeuza njia ya kupata kile hasa alichosema tusikitegemee. Huo mimi nauita ujanja wa sokoni.

Halafu kuna nusu waliyoiacha. Epictetus aliwataka wanafunzi wajiulize: wewe ni mtoto wa nani, ndugu wa nani, raia wa wapi? Kila jina unaloitwa lina wajibu wake. Ndugu yako akikukosea, kosa ni lake. Wewe wajibu wa undugu haujakutoka.

Sasa tuje kwetu, mashariki mwa Kongo. Alimbongo iko juu milimani, kwenye barabara ya Goma kwenda Butembo, na anayelima viazi pale hahitaji Mgiriki kumfundisha kwamba mvua haimsikilizi. Desemba 2024 vita vya waasi wa M23 vilifika hapo, watu wakabeba mafurushi wakashika njia ya kaskazini. Ukimwambia mama mwenye furushi kichwani na mtoto mgongoni kwamba furaha yake imo moyoni mwake, umemtukana. Aliyekuwa na jambo katika uwezo wake siku ile ni yule mwenye nyumba Lubero au Butembo, mlango ulipobishwa.

Wazee wa hapa Butembo wanamkumbuka Emmanuel Kataliko, askofu wa Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, kisha askofu mkuu wa Bukavu. Krismasi ya 1999, Bukavu ikiwa chini ya waasi wa RCD, aliwaandikia waumini barua ya faraja. Faraja yake ilitaja wazi mateso ya watu na walioyasababisha. Februari 2000 waasi wakamzuia asirudi Bukavu, wakamleta Butembo, akakaa hadi Septemba. Mahali pa kulala hakuamua yeye. Lakini barua ilikuwa imekwisha kusomwa. Tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo alifariki akiwa Roma. Sijui kama aliwahi kumfikiria yule mtumwa, lakini wangeelewana upesi.

Kijitabu cha Epictetus kinapatikana bure kwa Kifaransa kwenye intaneti, na ni kifupi. Msiishie ukurasa wa kwanza kama wanavyofanya walimu wa simu. Fikeni hadi sura ya 30, inayohusu baba, ndugu na jirani.