Kapasita Haizai Umeme

Ndugu msikilizaji, mwezi uliopita nilikuwa Kakonko, ile wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, na siku ya gulio nikashuhudia gari la matangazo likikata kauli mbele ya umati wa watu. Lilikuwa limeegeshwa pembeni mwa soko tangu asubuhi, injini ikinguruma taratibu, vipaza sauti viwili juu ya paa na sabufa mbili nyuma. Kila besi ilipogonga, taa za mbele zilififia mithili ya kibatari kwenye upepo. Ilipotimu saa sita mchana sauti ikaanza kukwaruza, halafu kimya. Mwenye gari akazima injini ili aiwashe upya, nayo ikagoma. Ikabidi vijana wa sokoni walisukume.

Mwenye gari huyo ni mzee ninayemfahamu. Anaishi kwa matangazo hayo: leo tangazo la duka, kesho la chanjo, keshokutwa la mchezo wa mpira. Gari likinyamaza, naye hali. Akaniita kando. "Mdogo wangu, wewe ni mtu wa redio. Fundi ameniambia dawa ya ugonjwa huu ni kapasita ya faradi moja. Ninunue, nisinunue?"

Bei aliyotajiwa ilikaribia bei ya gunia la maharage. Na kwa mtu wa Kakonko, kama ilivyo kwa mtu wa Kasulu, gunia la maharage si kitu cha kufanyia majaribio.

Nilimweleza kwamba kusema kwenye kipaza sauti si kuujua umeme. Hata hivyo jambo hili ninalifahamu, tena kwa fedha yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nililinunua dude hilo, nikafungiwa nyuma ya kiti, likawa linang'aa na kuonyesha tarakimu. Taa zangu ziliendelea kufifia kama kawaida.

Sasa kapasita ni kitu gani? Mafundi wa zamani wanaijua kwa jina la kondensa, ile ndogo iliyokuwa ikikaa pamoja na platini kwenye magari ya siku zile. Asili yake ni chupa ya Leiden, mji wa Uholanzi, ambako katika miaka ya 1745 na 1746 wataalamu waligundua kwamba umeme unaweza kuwekwa akiba ndani ya chupa na kutolewa kwa mshtuko mmoja. Kipimo chake, faradi, kimetokana na jina la Mwingereza Michael Faraday. Kazi yake ni kupokea umeme upesi na kuutoa upesi. Haizai hata chembe.

Chukua mfano wa maji. Alteneta, ambayo wengine huiita dainamo, ni chemchemi. Betri ni pipa. Kapasita ni kikombe kilichowekwa karibu na mlango. Mgeni akiingia na kiu, kikombe kitamfaa mara moja, tena haraka kuliko kwenda kwenye pipa. Lakini wakija wageni arobaini, na chemchemi inadondoka tone moja moja, kikombe hakitawasaidia. Isitoshe, hicho kikombe nacho kinangoja kujazwa kutoka kwenye pipa lile lile.

Tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo wauzaji hawapendi tufike. Kapasita ya faradi moja ikishuka kutoka volti 14 hadi volti 12, umeme inaoutoa ni sawa na ampea 2 kwa sekunde moja. Amplifaya inayovuta ampea 50 itaumaliza kwa sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde. Besi nzito ya mitetemo 40 kwa sekunde itakuwa imetetemeka mara moja na nusu hivi, basi. Kwa upande mwingine, betri ya kawaida ya ampea 60 kwa saa ina akiba ya ampea moja kwa sekunde 216,000. Akiba ya kapasita ni ampea moja kwa sekunde mbili. Ndugu msikilizaji, linganisha mwenyewe.

Kwa hiyo nilimwambia mzee tusinunue kitu kabla ya kupima. Tuliazima mita ya kupimia umeme, kifaa cha bei ndogo ambacho kila mwenye gari la muziki angepaswa kuwa nacho. Baada ya betri kuchajiwa, tuliwasha injini bila muziki, tukapata volti 14.1 kwenye betri. Hiyo ni afya njema. Tukafungua muziki kwa sauti ya gulio, mtu akikanyaga mafuta kidogo. Kwenye betri ilisoma 13.6. Tukahamia nyuma, kwenye vidole vya amplifaya yenyewe: 11.2.

Volti zaidi ya mbili zilikuwa zimepotelea njiani! Chemchemi inatoa, pipa limejaa, ila bomba ni mrija wa soda. Tulipoufuata waya tukakuta ni mwembamba, wa milimita 4 za mraba, tena wa aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Aluminiamu hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba. Hata ungekuwa shaba halisi, waya wa unene huo wenye urefu wa mita tano hupoteza karibu volti 0.9 ukipitisha ampea 40. Ule wa milimita 16 hupoteza kama 0.2 tu. Na upande wa hasi, ambao mafundi huuita ethi, ulikuwa umefungwa kwenye bodi juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Sehemu hiyo hukwanguliwa hadi chuma king'ae, ndipo bolti ikazwe.

Kuna jingine lililonitia hofu kuliko yote: waya huo ulitoka betri hadi nyuma bila fyuzi. Umepita chini ya kiti, na kiti kinasogea. Siku ganda likichubuka na shaba ikagusa bodi, betri itamwaga umeme wake wote hapo, na gari litaungua na vyombo vyake. Fyuzi ya waya huo hukaa karibu na betri, isizidi nusu mita. Ikikaa nyuma, hailindi waya.

Sifa za kwenye boksi nazo zisikutishe. Amplifaya ya mzee imeandikwa wati 3,000, nayo ina fyuzi ya ampea 30. Zidisha 30 kwa volti 13, unapata wati 390, na hizo ni zinazoingia. Zinazotoka ni pungufu, kwa kuwa nyingine zinageuka kuwa joto.

Baada ya kubadili waya na kukwangua ethi, amplifaya ilisoma volti 13.1, na sauti ikanyooka. Lakini tatizo la kuzimika lilibaki, kwa sababu hilo halikuwa la waya. Alteneta ya gari dogo aghalabu hutoa ampea 60 hadi 80 injini ikikimbia. Ikinguruma tu pale sokoni, inaweza kutoa nusu yake au chini. Humo toa za injini yenyewe, toa karibu ampea 8 za taa mbili za mbele, kinachobaki ndicho cha muziki. Muziki ukitaka zaidi, unachota betri, na kufikia mchana pipa limekauka. Hapo kapasita hata kumi zingepigwa na butwaa.

Tiba za hapo ni tatu tu. Ama alteneta kubwa zaidi pamoja na nyaya nene zinazoifaa, ama betri ya pili iliyotengwa na ya kuwashia injini, ili muziki ukiimaliza, gari bado liwake. Ya tatu ni ya bure: kupunguza besi. Matangazo ni maneno, na maneno hayahitaji sabufa.

Je, kapasita haina kazi kabisa? La hasha, sisemi hivyo. Mwenye alteneta nzuri, betri nzima, waya mnene na ethi safi, kama bado taa zake zinakonyeza kila ngoma inapopigwa, inaweza kumlainishia mkonyezo huo. Akiifunga asiiunganishe ikiwa tupu, maana itavuta umeme kwa cheche kubwa. Ijazwe kwanza taratibu kwa kupitishia balbu. Na asikosee chanya na hasi, isije ikapasuka.

Mzee alinunua waya, fyuzi na betri ya pili. Juzi alinipigia simu kutoka gulioni, saa nane mchana, gari bado linasema. Taa zinafifia kidogo besi ikigonga, na fundi wake bado anamshauri anunue kapasita.