Michoro ya mwamba: Muulize Msandawe!

Washikaji wa Dodoma, nawaona kwenye basi la Arusha mnapita Kolo mmesinzia! Michoro ya miamba ya Kondoa, Mary Leakey aliinakili mwaka 1951. UNESCO wakaiingiza Urithi wa Dunia 2006. Sawa, lakini kunakili siyo kuelewa.

Hata maandishi ya kale ya Wagiriki, Linear B, Ventris alipoyafumbua 1952 alisaidiwa na Chadwick, bingwa wa Kigiriki cha zamani. Lugha ndiyo ufunguo, bwana.

Kwetu, upande wa Usandawe, Eric ten Raa alikaa na wazee akijifunza lugha yao. Mwaka 1971 akaandika kwamba baadhi ya michoro inahusiana na simbo, ngoma ya kupandisha ambamo mchezaji anakuwa simba.

Haya, Msandawe wa Area C, vile vidoko vya bibi unaviweza?