Je, Wajua? Chaja Husema Ukweli wa Laptopu

Je, wajua kwamba laptopu ya gemu, hata iwe ghali vipi, huenda ikazima kabla ya saa moja kuisha stima ikipotea Kosele, Homa Bay, ukiwa unacheza? Mashirika ya ndege hayaruhusu abiria kubeba betri inayozidi wati-saa 100 bila idhini, ndiyo maana betri kubwa za laptopu huishia kwenye 99 hivi. Gemu nzito inaweza kuvuta wati 100 na zaidi. Kuandika insha huvuta takriban wati 10, kwa hivyo betri hiyo hiyo hukaa karibu saa kumi.

Basi anayejiandaa kwenda Chuo Kikuu cha Rongo, au Tom Mboya kule Homa Bay, aanze na chaja. Soma kibandiko chake: volti 20 mara ampea 3.25 ni wati 65, mashine ya masomo. Volti 19.5 mara ampea 9.23 ni wati 180. Hiyo ni ya gemu, mzigo begani, na sola ndogo ya nyumbani haiiwezi.

Jina la kadi ya grafiki nalo halitoshi kukuonyesha nguvu yake. RTX 4060 ya laptopu hupewa wati 35 hadi 115, kutegemea mtengenezaji, na ile ya wati chache huachwa nyuma sana. Mbane muuzaji akutajie wati.

Kuhusu hifadhi ya SSD, mimi singeshuka chini ya GB 512: gemu ya EA Sports FC 24 peke yake inataka GB 100.